Mbwa Aliyezoea Mkono wa Mtu

Pengine utashangaa kukuta katika jarida la sayansi makala yenye kumtetea mtu anayeketi kibarazani jioni, mbwa wake amelala miguuni pake, naye akimpapasa mgongo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jambo hilo ni anasa ya Wazungu, au ni uchafu, au ni dalili ya mtu aliyekosa kazi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi utu uzima wangu. Maoni ninayoyatoa hapa ni kinyume chake. Nasema kwamba kumpapasa mbwa kuna manufaa kwa afya, si ya mwenye mbwa peke yake bali ya kijiji kizima, na kwamba manufaa yaliyo makubwa kuliko yote kwetu sisi ndiyo yasiyotajwa sana na wale wanaowasifu mbwa katika nchi tajiri.

Nianze na mbwa wa nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto. Aliitwa Simba, kama walivyoitwa mbwa wengi. Kazi yake ilikuwa kubweka usiku na kuwafukuza ngedere shambani. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali uliotupwa ukingoni mwa ua, na salamu aliyoizoea ilikuwa jiwe. Hakuna aliyepata kumgusa. Ikatokea habari kwamba mbwa mwenye kichaa amepita kijijini na kupigana na mbwa kadhaa, na bwana mifugo akafika na chanjo. Baba alitutuma tumlete Simba. Tulihangaika naye tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tukamtegea nyama, tukajaribu kumnasa kwa kamba, naye akatuponyoka kila mara, kwa sababu kwake yeye mkono wa mtu ulikuwa na maana moja tu. Bwana mifugo akaondoka. Siku mbili baadaye mgambo walipita wakiwapiga risasi mbwa wote wasiokuwa na alama ya chanjo, na Simba akawa mmoja wao. Hatukujua, wala hatutajua kamwe, kama alikuwa ameambukizwa.

Miaka mingi ilipita kabla sijaanza kusoma yale ambayo wanasayansi wameyapima kuhusu mtu na mbwa wanapogusana. Nilipoyasoma nilimkumbuka Simba.

Uchunguzi uliouanzisha mjadala huu ulichapishwa Marekani mwaka 1980. Erika Friedmann na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 92 waliotoka hospitalini baada ya kulazwa kwa maradhi ya moyo. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walifariki 3. Kati ya 39 wasiokuwa na mnyama walifariki 11. Tarakimu hizo zilienea duniani kote, na kama ilivyo ada, zilitiwa chumvi kila ziliposimuliwa. Lakini watu 92 ni wachache. Tena mtu mwenye nguvu za kumtunza mnyama huenda ndiye yule yule ambaye ugonjwa haujamlemea. Uchunguzi mwingine uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2010 haukuiona faida hiyo. Kwa hiyo mimi simwahidi mtu yeyote kwamba mbwa atamwongezea miaka. Naliacha suala la urefu wa maisha, nashika lile lililopimwa kwa karibu zaidi, yaani yale yanayotokea mwilini katika dakika chache ambazo mkono uko juu ya manyoya.

Hapa mfano mzuri unatoka katika bara letu wenyewe. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 18 na mbwa 18. Damu ilichukuliwa kabla na baada ya mtu kukaa akimpapasa mbwa na kusema naye kwa upole. Msukumo wa damu ulishuka. Homoni iitwayo oksitosini, ile ile inayoyatoa maziwa ya mama anaponyonyesha na kuimarisha mapenzi kati yake na mtoto, iliongezeka katika damu ya watu. Na jambo lililowastaajabisha wengi ni kwamba iliongezeka katika damu ya mbwa pia. Kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa mashaka, ilipungua kwa watu. Miaka 12 baadaye, yaani mwaka 2015, watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata kutazamana tu macho kwa macho, kati ya mbwa na mwenyewe, huongeza oksitosini kwa wote wawili. Mbwa mwitu wa jamii ile ambayo mbwa alitokana nayo, ingawa walikuwa wamelelewa na watu, hawakuonyesha hali hiyo. Maana yake ni kwamba katika maelfu ya miaka ya kuishi nasi, mbwa amejipatia ufunguo wa mlango ambao maumbile yaliuweka kwa ajili ya mama na mtoto.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 249 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Wengine waliruhusiwa kuwapapasa mbwa na paka kwa dakika 10. Wengine walisimama kwenye foleni wakiwatazama wenzao. Wengine walionyeshwa picha za wanyama hao hao. Wengine walingoja tu. Kotisoli iliyopimwa katika mate ilikuwa chini zaidi kwa wale waliopapasa. Nimeutaja uchunguzi huo kwa sababu unajibu swali ambalo huulizwa mara kwa mara: je, si kwamba mtu hufurahi tu kumwona mnyama? La hasha. Kuona hakukutosha; mkono ulikuwa na kazi yake.

Kwa upande wa anayepapaswa, mambo yameeleweka zaidi. Ndani ya ngozi yenye nywele kuna nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu zinazopeleka habari polepole, kiasi cha mita moja kwa sekunde, ilhali nyuzi nene za mguso wa kawaida hupeleka kwa kasi kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Nyuzi hizo nyembamba zilionekana kwanza kwa paka mwaka 1939, katika kazi ya Yngve Zotterman wa Sweden, na baadaye zikaonekana kwa binadamu. Kwa binadamu imepimwa kwamba hujibu vizuri zaidi mkono unaokwenda sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, mwendo ambao mama hutumia bila kufundishwa anapombembeleza mtoto. Hazikuambii umeguswa wapi hasa. Kazi yake ni kukupa hisia kwamba kuguswa huko ni kwema.

Basi hizo ndizo faida za mwilini. Ni za kweli, ingawa ni za kadiri. Lau zingekuwa hizo peke yake nisingeona haja ya kuandika, maana mtu anayetaka kutuliza moyo ana njia nyingine nyingi, na mkulima aliyechoka hahitaji kuambiwa namna ya kupumzika. Jambo linalonifanya niandike ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu, dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi mara nyingi sana ile iliyoandikwa katika vitabu vya hospitali, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto wenye umri usiozidi miaka 15.

Na ugonjwa huu wa kutisha una udhaifu wake. Uchunguzi uliofanywa Serengeti na Ngorongoro na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo zaidi. Hafikii hata wawili. Moto wa namna hiyo ni rahisi kuuzima. Kinachotakiwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, kwa sababu kati ya chanjo moja na nyingine mbwa wengine hufa na wengine huzaliwa. Pemba imethibitisha hayo. Chanjo ya mbwa iliyoanzishwa huko mwaka 2010 iliuondoa ugonjwa mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 pamoja na mbwa waliosafirishwa kutoka nje ya kisiwa, chanjo ikarudiwa, na mwaka 2018 ukaondoka tena.

Sasa tazama siku ya chanjo ilivyo. Nimepata kuihudhuria, miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Serengeti. Wataalamu walikuwapo chini ya mti karibu na shule, chanjo zikiwa katika sanduku la barafu, daftari wazi mezani. Dawa ilikuwa bure. Akaja mzee mmoja akiburuzwa na mbwa mkubwa aliyefungwa nyororo. Mbwa alipowaona mbwa wengine na watu alipandwa na hofu, akamuuma mwenyewe kiganjani, akakatika na kutokomea vichakani. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kama tisa, amempakata jike la rangi ya majani makavu, kichwa cha mbwa kimelala begani pake. Sindano ilichomwa, mbwa akatikisa sikio, kazi ikaisha. Nilimuuliza mtaalamu ni wangapi walio kama yule mzee. Akaniambia kwamba wengi wao hawaji kabisa. Wanajua tangu nyumbani kwamba mbwa wao hashikiki.

Naam, hapo ndipo penye shina la hoja yangu. Watafiti walipowauliza wenye mbwa wa vijijini kwa nini hawakuja kwenye chanjo, moja ya sababu zilizotajwa ni hiyo: mbwa hakamatiki. Tunaweza kununua dawa, kulipia gari, kutangaza kwa kipaza sauti. Ikiwa kijiji hakina mikono ambayo mbwa wameizoea, hatutafika 70 katika 100. Msichana yule, kwa kumpapasa mbwa wake jioni baada ya jioni bila nia nyingine ila mapenzi, alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya bwana mifugo.

Tena kazi hiyo ina wakati wake. Mwaka 1961, katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, watafiti walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo msingi wa elimu ya malezi ya mbwa. Waliwakuza watoto wa mbwa katika kiwanja kilichozungushiwa ua mrefu bila kuonana na watu, kisha wakawatoa baadhi yao kwa juma moja moja, katika umri tofauti, ili wachezwe na kushikwa. Waliotolewa wakiwa na majuma kati ya matano na tisa walizoea vizuri. Wale walioachwa hadi majuma 14 bila mkono wa mtu walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoesha baadaye kulikuwa kazi ngumu mno. Simba wetu alipita umri huo chini ya ghala la mahindi. Alipofikiwa na mkono wetu tayari alikuwa amechelewa miaka minne.

Nitaambiwa kwamba mbwa anayebembelezwa hawezi kulinda. Imani hii imeenea sana, na kibao cha “Mbwa Mkali” getini ni ushahidi wake. Lakini mbwa wa polisi, ambaye ukali wake hauna shaka, husuguliwa manyoya na mtunzaji wake, hushikwa mdomo, masikio na miguu, naye humtii mtunzaji huyo kwa sababu hiyo hiyo. Mbwa hubweka kwa kuwa anaijua nyumba na anamtambua mgeni. Asiyemjua hata mwenyewe atabweka kwa kila mtu, na mwisho wake watu huacha kumsikiliza.

Hoja ya dini ni nzito zaidi, na mtu wa sayansi hapaswi kuipita kwa dharau. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Ila kavu kugusana na kavu hakuhamishi najisi. Wafuasi wa Malik wana maoni mepesi zaidi. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Nasema tu kwamba yule anayefuga mbwa wa ulinzi au wa kuwinda, mambo ambayo dini imeyaruhusu, anaweza kumzoesha mkono mkavu juu ya manyoya makavu, kisha akanawa, bila kuvunja anayoyaamini.

Hoja ya uchafu nayo ina ukweli wake, na wenye kuwapenda mbwa huificha. Mbwa hubeba kupe, viroboto na minyoo. Katika nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya, mbwa wameishi karibu mno na kina mama na watoto, na hapo ndipo madaktari walipokuta mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa. Mayai yake, yakimezwa na mtu, huota mifuko mikubwa ya maji ndani ya ini au mapafu, na mara nyingi mgonjwa huhitaji kupasuliwa. Kinyesi ndicho chenye mayai, nayo hushikamana na manyoya. Kwa hiyo mkono uliompapasa mbwa uoshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Mbwa asilambe uso wa mtoto wala vyombo. Asipewe maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa, maana humo ndimo tegu huyo anamopita. Na apewe dawa ya minyoo kama bwana mifugo anavyoelekeza. Hata hivyo mkono huo huo unaoweza kuchafuka ndio unaogundua kupe nyuma ya sikio, kidonda kilichofichwa na manyoya, uvimbe tumboni. Mbwa asiyeguswa huugua peke yake mpaka afe, na wenyewe husema amerogwa na jirani.

Namna ya kugusa nayo ina adabu zake. Mbwa aache aje mwenyewe. Usimwinamie wala usimpitishie mkono juu ya kichwa. Anza ubavuni au chini ya sikio, kwa mwendo wa polepole niliokwisha kuutaja. Kumkumbatia shingoni kwa mikono miwili, jambo ambalo watoto hulipenda, mbwa wengi hawalipendi. Hugeuza uso, hulamba midomo yao, na mtoto asiyejua dalili hizo huendelea mpaka aumwe. Mbwa anayekula, anayenyonyesha au aliyelala asiguswe, na mbwa usiyemjua asiguswe kabisa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, hata awe wako na mpole kiasi gani, akaribiwe na bwana mifugo tu, kwa sababu mate yake yanaweza kuwa na sumu siku kadhaa kabla ya dalili kudhihirika. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa chanjo, asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Ninalopendekeza ni dogo na halina gharama. Mabwana mifugo wanapotangaza siku ya chanjo, watangaze majuma matatu kabla, na katika tangazo hilo hilo waeleze kwamba kila mwenye mbwa amzoeshe mbwa wake kamba shingoni na mkono mgongoni, dakika chache kila jioni, wakati wa kumpa chakula. Walimu wa shule za msingi waingize jambo hilo katika somo la sayansi, kwani aghalabu watoto ndio wawaletao mbwa kwenye chanjo. Na watoto wa mbwa waletwe pia, hata wale wasiotimiza miezi mitatu. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani kwamba hawastahili sindano, kumbe Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri wachanjwe pamoja na wakubwa. Siku ile nilipokuwa Serengeti, kijana mmoja aliwaleta watano katika kikapu cha kuchumia mahindi, wakilaliana na kupiga miayo, na alipokuwa akingoja zamu yake wanafunzi wa shule ile walipanga foleni kuwashika.